João Cândido, Baharia Aliyekataa Kiboko



Wazee wetu walilima pamba wakiogopa kiboko cha mkoloni. Leo nawaletea habari za baharia mweusi wa Brazil aliyekikataa kiboko hicho hicho baharini.

João Cândido alizaliwa mwaka 1880, mtoto wa wazazi waliopata kuwa watumwa. Aliingia jeshi la maji akiwa bado kijana. Utumwa ulifutwa Brazil mwaka 1888, lakini melini mabaharia, wengi wao weusi, waliendelea kuchapwa na maofisa wazungu. Mwaka 1909 alikuwa Newcastle, Uingereza, manowari Minas Geraes ilipokuwa ikiundwa. Huko aliona wafanyakazi wenye vyama.

Novemba 1910 baharia Marcelino Rodrigues Menezes alichapwa viboko 250 mbele ya wenzake. Usiku wa tarehe 22 mabaharia zaidi ya 2,000 waliasi, wakashika manowari nne katika ghuba ya Rio de Janeiro. Damu ilimwagika, na kamanda wa Minas Geraes na maofisa kadhaa waliuawa. João Cândido akashika uongozi. Walidai kiboko kikome na mshahara uongezwe. Mizinga ilielekezwa mjini, serikali ikaahidi kwamba viboko vitakoma na waasi watasamehewa. Tarehe 26 wakarudisha meli na silaha.

Ndugu, hapa tutege masikio. Siku mbili tu baadaye ilitoka amri ya kuwafukuza mabaharia kwa urahisi. Desemba, baada ya uasi mwingine, João Cândido alifungwa kisiwani Ilha das Cobras, watu 18 katika chumba kimoja. Kumi na sita walikufa, yeye akapona. Mwaka 1912 mahakama ilimwachia, lakini kazi hakurudishiwa. Aliishi kwa kupakua samaki sokoni, akafa maskini mwaka 1969. Msamaha wa sheria ulimfikia kaburini, mwaka 2008. Lakini kiboko hakikurudi melini.

Sisi wa kiwandani na shambani hatuna mizinga, tuna umoja tu. Mwajiri akikubali madai, tusitawanyike kwa furaha. Iandikwe na kutiwa sahihi kwamba hakuna mgomaji atakayefukuzwa. Kisha tuwalinde wajumbe wetu siku baada ya siku, maana mwajiri hulipiza kisasi wakati wengine tumekwisha kurudi kazini na kusahau.