Jino halina mdudu jamani, kinachotoboa meno ni hiki hapa

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Tuongelee kitu ambacho wengi tunakikumbuka kikianza kutunyima usingizi usiku wa manane: meno.

Naandika kwa sababu vijiweni bado naisikia stori ileile, "jino langu lina mdudu". Hakuna mdudu. Kinywani mna bakteria kibao, na baadhi yao wanaishi kwenye ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Ukila sukari, na wao wanakula, halafu wanatoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya ganda gumu la nje la jino. Mate yanakuja kuokoa jahazi: yanapunguza makali ya asidi na kurudisha madini taratibu. Ila yanahitaji muda, kama nusu saa mpaka saa nzima.

Hapo ndipo penye ishu. Wengi tunahesabu wingi wa sukari tu, tunasahau ni mara ngapi tunaila. Umekaa kwenye kompyuta masaa mawili unachati, soda iko pembeni, kila dakika 10 unapiga funda moja. Kila funda ni chakula kipya kwa bakteria, mate hayapati nafasi ya kufanya kazi. Aliyeimaliza soda yake palepale na msosi wa mchana kayaumiza meno kidogo kuliko wewe. Na soda yenyewe ina asidi yake tayari, hata kabla bakteria hawajaigusa. Pipi za kumung'unya kutwa nzima ni hivyohivyo.

Jino haliozi kwa siku moja. Linakwenda kwa hatua:

1. Doa jeupe. Haliumi. Hapa dawa ya meno yenye floraidi bado inaweza kulirudisha jino katika hali yake.
2. Tundu. Maji baridi au kitu kitamu kinakupa mshtuko. Jino linazibwa, kazi imeisha.
3. Uozo umefika kwenye mishipa ya fahamu. Hapa ndipo usiku unakuwa mrefu. Ni kutibu mzizi au kung'oa.
4. Usaha. Mishipa imekufa, na maumivu yanaweza kupotea kabisa.

Hiyo hatua ya nne ndiyo inayonitisha. Mtu anasema "limepoa", kumbe maambukizi yanaendelea chini kwa chini. Mwaka 2007 kule Maryland, Marekani, mvulana wa miaka 12 alikufa baada ya maambukizi ya jino kufika kwenye ubongo. Marekani, siyo kijijini kusiko na barabara! Kwa hiyo ukiona taya au shingo imevimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri, unameza au kupumua kwa shida, usisubiri kesho. Nenda hospitali hapohapo.

Vipi kuhusu dawa za mtaani? Karafuu inatia ganzi kweli, lakini haizibi tundu. Kidonge cha aspirini ukikibandika kwenye fizi kinaiunguza. Antibayotiki za kununua dukani bila kupimwa zinaweza kutuliza kwa siku chache tu, maana chanzo bado kipo ndani ya jino.

Tuje kwenye fizi. Ukipiga mswaki ukaona damu, usiache kusugua pale, mara nyingi ni dalili kwamba ukoga umekaa sana. Ukiachwa unakuwa mgumu kama jiwe, ndio ugaga, na huo mswaki hauutoi, anautoa daktari wa meno. Ukiendelea kuuacha, fizi na mfupa vinaachia jino, linalegea na kung'oka likiwa zima halina hata tundu. Na harufu ya kinywa mara nyingi inatokea hapohapo kwenye fizi na nyuma ya ulimi, siyo tumboni kama tunavyodanganyana. Ulimi nao usafishwe.

Neno kwa wanaowacheka washikaji wa Arusha na Kilimanjaro kwa meno ya kahawia: huo siyo uchafu. Maji ya sehemu nyingi kule yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengeka, rangi inaingia kwenye jino lenyewe. Kusugua kwa mkaa au mchanga hakuitoi, kunakula jino tu.

Cha kufanya wala siyo gharama kubwa. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika 2, na mara moja iwe kabla ya kulala, kwa sababu usiku mate yanapungua. Tumia dawa yenye floraidi, tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mswaki wa mti nao unasafisha vizuri ukiutumia kwa utaratibu, ila dawa yenye floraidi isikosekane. Soda kunywa na chakula, halafu maji. Na nenda ukaangaliwe kabla halijauma, kwa sababu jino linalowahiwa linazibwa, linalocheleweshwa linang'olewa.

Aliyewahi kuzibwa jino atoe ushuhuda hapo chini, wapo wengi humu wanaoogopa sindano kuliko usaha.