Nyumba ya Mwanasesere na Zidaka za Lamu



Wengi wetu huidhani nyumba ya wanasesere kuwa ni anasa ya Ulaya. Kweli, ile aliyojengewa Malkia Mary wa Uingereza, iliyokamilika mwaka 1924, ina maktaba na umeme. Lakini kipimo chake hakimshindi mtu: inchi moja kwa kila futi. Mlango wa futi 7 huwa inchi 7.

Tunawausia jamaa zetu waliohamia Thika na Ruiru kutafuta riziki. Watoto wao hukulia katika vyumba vya kupanga vya ghorofa, wala hawajui daka ni nini. Twaeni katoni ya dukani mjenge nao chumba cha Lamu. Baba akate, watoto wagundishe: zidaka ukutani, kitanda cha samadari, pazia la kipande cha kanga, na mkeka mdogo sakafuni. Kila kitu kiwekwapo, mtoto atauliza jina lake, na mama atamtajia.

Mwenye shaka na akumbuke: imepokewa kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na Mtume (s.a.w.) alipoona kati yao farasi mwenye mbawa za vitambaa, alicheka. Kwa dalili hiyo wanazuoni wengi wameruhusu vya watoto.

La kuchunga ni israfu. Cha kununua ni ghali. Cha kujitengenezea kinafundisha zaidi. Na jina lisilotajwa nyumbani, kizazi kimoja chatosha kulipoteza.

Wabillahi tawfiq.