Profaili za Lenzi katika Upimaji wa Mpaka wa Msitu wa Mlima Meru kwa Njia ya Picha

Profaili ya lenzi ni jedwali la vipimo linaloiwezesha programu ya kuhariri picha kuondoa kasoro tatu zitokanazo na lenzi yenyewe: kupinda kwa mistari iliyonyooka, kufifia kwa mwanga pembeni, na michirizi ya rangi kwenye kingo za vitu. Adobe Lightroom huja na profaili zake. Darktable hutegemea hazina huria ya Lensfun. Programu husoma jina la lenzi na urefu wa fokasi katika taarifa za faili, kisha huhamisha kila pikseli hadi mahali ilipostahili kuwa.

Jijini Arusha, anayepiga picha Boma la Kijerumani, lililojengwa mwaka 1900, huiona kasoro ya kwanza papo hapo, kwa kuwa ukuta hufutuka kama pipa. Mlima Meru haumpi msaada huo. Mteremko hauna mstari ulionyooka wa kulinganishia, hivyo picha iliyopinda huonekana sahihi kabisa. Hatari hiyo humkabili hasa mtafiti anayerudia picha za zamani ili kubaini iwapo mpaka wa msitu umepanda au umeshuka.

Tuchukulie kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 36 na pikseli 6,000, lenzi ya milimita 24, na mteremko ulio umbali wa kilomita 10. Kila pikseli huwakilisha takribani mita 2.5. Mpindo wa asilimia 2, ambao si wa ajabu kwa lenzi pana, huisogeza nukta iliyo pikseli 2,500 kutoka katikati kwa pikseli 50, yaani mita 125. Msitu "huhama" kiasi hicho bila mti hata mmoja kukatwa.

Hata hivyo, profaili haipaswi kutumiwa bila kufikiri. Kamera nyingi za kisasa husahihisha faili za JPEG zenyewe. Kusahihisha mara ya pili huleta mpindo wa upande wa pili. Kuangaza pembe za picha huongeza chembechembe za kelele, jambo linalotia shaka vipimo vya ukijani vilivyochukuliwa huko. Aidha, kuta zinazoinama kwa sababu kamera iliinuliwa ni suala la pembe ya kupigia, na profaili haihusiki nalo.

Picha za filamu za zamani mara nyingi hazina taarifa za lenzi. Kwa hizo, mtafiti hulazimika kuzilinganisha na picha mpya kwa nukta za miamba isiyobadilika, mathalani kwenye ukingo wa kreta, na kutaja katika sura ya mbinu kiasi cha tofauti iliyosalia.