Picha Moja, Makasha Mengi

Tuseme asubuhi umesimama pwani ya Mkunguni, Msambweni. Ngalawa imeingia, changu na pono wamemwagwa juu ya turubali, na nyuma yake kasimama mtoto mwenye sare ya shule. Unatoa simu, unapiga picha. Ukiiweka Facebook, picha inaingia kwenye maghala ya kampuni moja, na kila anayetaka kuiona atabisha kwa kampuni hiyo hiyo. Ukiiweka Mastodon, safari yake ni nyingine kabisa.

Mastodon, mtandao wa kijamii ulioanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016, ni maelfu ya seva, kila moja na mwenyewe, kanuni zake na bili yake. Zinasemezana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Ndiyo maana mitandao ya aina hii huitwa ya shirikisho.

Seva yako ikipokea picha, huipunguza ikiwa kubwa mno, na hufuta taarifa zilizojificha ndani yake, zikiwemo alama za GPS zinazoonyesha uliposimama. Kisha hutuma ujumbe mfupi kwa seva za wanaokufuata. Hata wafuasi 40 wakiwa kwenye seva moja huko Berlin, ujumbe waweza kwenda mara moja tu. Ndani yake mna maneno yako, anwani ya picha, maelezo uliyowaandikia wasioona, na mfululizo wa herufi thelathini na kitu unaobeba kivuli cha rangi: ndio ule ukungu wa buluu unaouona kabla picha haijafunguka. Picha yenyewe haimo.

Hapo seva ya Berlin hufanya kama mchuuzi wa samaki wa mji wa Ukunda. Akipigiwa simu kwamba samaki wameshuka Mkunguni, hangoji mteja aje ndipo apande matatu kumfuatia changu mmoja. Huja mara moja, akajaza kasha la barafu, akauzia Ukunda. Seva nayo huifuata ile anwani, huchukua nakala, huiweka kwenye diski yake, na watu wake huangalia hiyo. Tofauti ni kwamba huku pwani hakupungui kitu.

Utaratibu huu una faida. Seva ndogo haizidiwi na maelfu ya watazamaji, wala haijui nani wa Berlin ameangalia nini. Tena Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya Afrika Mashariki ilisuasua. Katika hali kama hiyo, nakala iliyokwisha kuchukuliwa huendelea kuonekana kule iliko, hata seva ya nyumbani isipofikika.

Lakini kasha lina kina chake. Seva ya watu watano wanaofuata mamia ya wengine hujikuta ikihifadhi picha nyingi za wageni kuliko za wenyeji, na diski hulipiwa. Kwa hiyo wasimamizi hufagia. Amri ya Mastodon ya kusafisha, usipoitajia idadi ya siku, huondoa nakala za wageni zilizopita siku 7. Mtu akifungua chapisho la zamani, seva hurudi kwenye asili kuchukua upya. Na kama seva ya asili imefungwa kwa sababu mwenyewe ameshindwa na bili, hakuna pwani ya kurudia. Maneno yatabaki, mahali pa picha patakuwa patupu. Si programu zote za shirikisho zinazofanya hivi. Nyingine hazihifadhi nakala, humpeleka mtazamaji moja kwa moja kwenye seva ya asili.

Sasa swali ambalo kila mtu huliuliza: nikifuta, inafutika? Kwako, ndiyo. Seva yako pia hutuma ujumbe kwa wenzake kuwaomba wafute nakala zao. Zinazoendeshwa vizuri hutii. Iliyokuwa imezimwa ujumbe ulipotumwa, au iliyobadilishwa makusudi isitii, huweza kubaki na nakala yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatambua haki ya kudai taarifa zako zifutwe, ila kudai ni kumjua wa kumdai, na hapa nakala ziko mikononi mwa wasimamizi usiowajua, katika nchi usizozihesabu. Mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, akishamtia samaki mafutani, mvuvi hawezi kumdai amrudishie mbichi.

Basi rudi kwenye picha ya Mkunguni kabla hujabonyeza. GPS seva itaifuta. Jina la shule kwenye sare ya yule mtoto nyuma ya ngalawa haitaligusa, na litaingia katika kila kasha. Hiyo kona ikate mwenyewe, ingali simuni mwako.