Kigae Kabla ya Greda: Akiolojia na Barabara Huko Kamanyola

Makala haya mafupi yanaeleza kwa nini uchunguzi wa akiolojia hauna budi kutangulia matengenezo ya barabara za nje ya miji. Mfano wetu ni Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, kwenye njia itokayo Bukavu kwenda Uvira.

Ardhi ya Kivu imekwisha kutoa ushahidi. Jean Hiernaux na Emma Maquet walichapisha mwaka 1957 na 1960 taarifa za uchimbaji wao Rwanda, Burundi na Kivu, zikieleza vyungu vyenye kishimo kidogo kitakoni. Vyungu hivyo, viitwavyo Urewe kwa jina la mahali magharibi mwa Kenya, huhusishwa na wafuachuma wa kale wa Maziwa Makuu.

Watafiti hutembea kwa mistari sambamba kandokando ya barabara, na pia kwenye machimbo ya changarawe, ambako uharibifu aghalabu huwa mkubwa zaidi. Huandika ramanini kila palipo na vigae au mavi ya chuma, kisha huchimba vishimo vya majaribio ili kusoma tabaka za udongo. Wakulima nao huulizwa, kwa kuwa jembe lao limetangulia.

Sheria ya Kongo ya mwaka 1971 iliwekwa ili kulinda mali za utamaduni. Hata hivyo, kigae kilichosukumwa na greda, japo kihifadhiwe kabatini, hakiwezi tena kushuhudia kilikaa tabaka gani, wala pamoja na nini. Barabara yaweza kusogezwa mita chache. Tabaka lililovurugwa halirudi.