Tarumbeta za Vibuyu

Video ya kwanza kabisa kuwekwa katika mtandao wa YouTube, mnamo Aprili 23, 2005, ilichukua sekunde 19 pekee. Kijana alisimama mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama mjini San Diego, Marekani, akasema kwamba wanyama hao wana mikonga mirefu sana, na yakaishia hapo. Mwanafunzi wa Tseikuru, ambaye Mbuga ya Kora haiko mbali na kwao, angestaajabu kwamba neno jepesi kama hilo lilistahili kuvuka bahari. Lakini lilivuka, na mlango ulipokwisha kufunguka yakamiminika mengine: paka apigaye kinanda, mzee aliyefunga baiskeli yake ikawa mashine ya kupukuchua mahindi, bendi ya matarumbeta ikipita barabarani New Orleans hata wapita njia wakasahau waendako.

Walimu wengi huyaita mambo haya upuuzi, nami sikubaliani nao. Kicheko hakihitaji kibali cha ofisi ya mwalimu mkuu, na kijana atumiwaye kichekesho na mwenzake amepewa zawadi. Swali langu ni jingine. Aliyepokea hufanya nini? Aghalabu hugusa kioo kwa kidole, video ikasonga mbele kwa watu 40 wa kikundi cha WhatsApp, na habari ikawa imekwisha. Mikono haikuguswa na jambo lolote. Hapo ndipo penye hasara, na hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa shule za sehemu kavu kama Tseikuru, ambako data hununuliwa kwa fedha ambazo zingeweza kununua sukari.

Hebu tuirejelee historia, kwa maana watu wetu walishirikishana bendi za matarumbeta muda mrefu kabla ya simu. Katika miaka ya 1890, wakazi wa miji ya pwani kama vile Lamu na Mombasa walizitazama bendi za wanajeshi na wanamaji wa Kizungu zikipiga gwaride. Walitazama, wakaondoka, wakaunda ngoma yao. Wakaiita beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bendi. Ilikuwa na sare, hatua za kijeshi, na vyeo vya kujivika ambavyo serikali ya mkoloni haikumpa Mwafrika yeyote. Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918 vikaieneza bara. Askari wa KAR na wapagazi wa Carrier Corps, wale walioziachia Nairobi na Dar es Salaam jina la Kariakoo, waliibeba kichwani pamoja na mizigo ya wenyewe. Baada ya vita, vyama vya Marini na Arinoti vikawa vikishindana katika miji mingi ya Afrika Mashariki kwa mavazi, karamu na vishindo.

Jambo linalonivutia zaidi lilitokea kando ya Ziwa Nyasa. Askari waliorejea huko walikuwa na milio ya matarumbeta masikioni lakini hawakuwa na matarumbeta. Shaba ilikuwa ghali, na duka la ala za muziki halikuwapo. Basi wakachukua vibuyu. Wakatoboa tundu la kutilia sauti, wakaziba tundu jingine kwa utando mwembamba wa buibui, wakavumisha wimbo ndani yake. Utando ukatetemeka, na kibuyu kikalia mlio mkwaruzo unaokaribiana na wa shaba. Wakatengeneza vikubwa kwa sauti nzito na vidogo kwa sauti nyembamba, na bendi nzima ikakamilika. Ngoma hiyo huitwa malipenga, na hadi leo huchezwa nchini Malawi na kusini mwa Tanzania, wachezaji wakiwa wamenyoosha safu kama askari wakaguliwao. Mwenye simu anaweza kuitazama. Ajabu mbili zimo humo kwa pamoja, bendi na ubunifu wa kifaa, na zote mbili zimetoka kwa watu waliosikia kitu mara chache wakakataa kubaki wasikilizaji.

Ukambani hakukupitwa. Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, alihudumu katika vita hivyo hivyo vya kwanza, na huko Tanganyika akatazama Wazaramo wakichonga vinyago. Aliporudi kwao alianza kuchonga, akawafundisha jamaa zake, na kazi ikaenea hata vinyago vya Wakamba vikajulikana duniani. Hakuwa na picha ya kurudia kuitazama usiku. Alikuwa na kumbukumbu na kipande cha mti.

Atakayedai kwamba hayo ni ya kale na kwamba watoto wa leo wamezaliwa na simu mkononi, namkumbusha Stephen Wamukota wa Bungoma. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotufungia majumbani, mtoto huyo wa miaka 9 alitengeneza mashine ya mbao ya kunawia mikono. Mtu alikanyaga kwa mguu na chombo kikainama, maji yakatoka pasipo mkono kugusa kitu. Mbao zile baba yake alikuwa amezinunua kwa ajili ya fremu ya dirisha. Mashine ilikuwa ikiyumba kidogo, baba akasaidia kuikaza, kisha akaiweka Facebook, ikasambaa upesi kuliko alivyotazamia. Mnamo Juni 1 mwaka huo, Sikukuu ya Madaraka, mtoto alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa nishani ya rais. Mpangilio wa matukio ndio wenye maana: kwanza mbao, kisha video.

Naye William Kamkwamba wa Malawi hakutazama hata video. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Katika maktaba ndogo aliona picha ya vinu vya upepo kwenye kitabu cha sayansi, akakusanya fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akaiwashia nyumba yao taa. Majirani walidhani amerukwa na akili. Picha moja iliyotulia ilimtosha, ilhali sisi tunatazama mia zinazokwenda na hatuna hata msumari mkononi!

Tuje darasani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi atende. Wazazi wamelalamika, na kwa haki, kwamba mara nyingi kutenda huko kumegeuka kuwa safari ya dukani kutafuta karatasi za manila na gundi, na pengine mzazi mwenyewe akakesha akitengeneza kazi ya mtoto. Mzazi wa Tseikuru anayeuza mbuzi ili alipe karo asiongezewe orodha nyingine. Simu moja ya mwalimu inatosha darasa zima. Video itazamwe mara ya kwanza ili watoto wacheke washibe. Itazamwe tena kwa daftari: nini kinazungusha nini, maji yanapanda kwa nguvu gani, chuma kile hapa kwetu tungekibadilisha na nini. Kisha simu izimwe. Vitete na vibuyu vimejaa majumbani, nyaya na mikebe iko jalalani, na mtoto wa huko ameshajua kusuka gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu wa muziki asiye na tarumbeta hata moja ana bendi iliyoning'inia jikoni kwa mama.

Wala mkondo usiwe wa kuingia tu. Kitui ina mamia ya mabwawa ya mchanga, kuta zinazojengwa kukingama mito ya msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuficha maji yasinyonywe na jua. Shirika la SASOL, lililoanza 1990, limejenga mengi pamoja na wanakijiji. Wahandisi wametoka mbali kuja kuyaona. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu, ambao wameona mashine ya Kijapani ya kumenya mayai, wamewahi kuonyeshwa kwa nini maji hukaa ndani ya mchanga? Nani amewapiga picha vijana wa Ukambani wakiruka na kupinduka hewani kwa mlio wa filimbi na ngoma, kisha akaeleza hatua zile hujifunzwa vipi?

Shule itakayoamua kujaribu ianze na kibuyu, kwa kuwa hakina gharama. Ikirekodi kazi yake, ionyeshe pia vile viwili au vitatu vilivyopasuka wakati wa kutobolewa, na utando uliokataa kulia, ili mtoto wa shule nyingine atakayeipokea ajue pa kuanzia.