Ramani ya Kijiji: Mtafiti, Kompyuta na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi utafiti wa vyuo vikuu juu ya jamii, na juu ya uhusiano wa binadamu na kompyuta, unavyomhusu mwalimu wa shule ya msingi. Wanachuo wengi hudhani kwamba mambo hayo ni ya wataalamu wa mijini na ng'ambo. Sisi tunaona sivyo, na ushahidi tunautoa katika wilaya za Tarime na Serengeti.

1. Tatizo

Mkoani Mara, hasa wakati wa likizo ya Desemba, wasichana hukabiliwa na hatari ya kukeketwa. Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 32 katika kila 100 wa mkoa huu, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa; ule wa 2022 ulionyesha 28. Idadi inapungua, lakini polepole.

Wapo wasichana wanaokimbia. Tarime kuna kituo cha Masanga, na Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, kuna nyumba salama ambayo Rhobi Samwelly amejulikana kwa kuiongoza. Taarifa ifikapo usiku kwamba msichana fulani yumo hatarini, swali la kwanza la waokoaji ni hili: kijiji hicho kiko wapi, na njia ya kufika huko ni ipi? Kwa miaka mingi ramani hazikuweza kujibu. Vijiji vingi havikuandikwa, na vitongoji havikuonekana kabisa.

2. Jinsi ramani ilivyotengenezwa

Mwaka 2015 ulianza mradi uitwao Crowd2Map Tanzania. Mradi huu hutumia OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuiongezea maarifa. Kazi hufanywa kwa hatua mbili. Kwanza, watu wa kujitolea walio katika nchi mbalimbali hutazama picha za setilaiti na kuchora nyumba, njia na mito. Pili, wenyeji hupita vijijini na simu zao, wakaandika majina ya vijiji, shule, zahanati na masoko.

Yafaa tuitazame hatua ya pili kwa makini. Setilaiti huona paa. Haijui kama chini yake ni shule au ghala. Huona njia, haijui kwamba mvua ikinyesha haipitiki. Maarifa hayo yamo vichwani mwa wenyeji tu. Tena ramani iliyokwisha kuwekwa katika simu husomeka hata pale pasipo na mtandao. Chombo kisichoweza kufanya hivyo kingekuwa kizuri mezani, lakini kisingemfaa mwokoaji aliye porini.

3. Mafundisho ya watafiti

Uchunguzi wa mambo kama hayo ndio kazi ya vituo vinavyotafiti uhusiano wa binadamu na kompyuta. Kimojawapo ni maabara iliyoanzishwa na Ben Shneiderman katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka 1983. Swali lao kuu si kama mashine ina nguvu, bali ni nani atakayeitumia, wapi, na kwa shida gani. Mwaka 2016 watafiti wa Afrika wa fani hii walifanya mkutano wao wa kwanza wa bara zima jijini Nairobi.

Lakini wazo la kumshirikisha mwananchi si geni kwetu. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka ile ile, Marja-Liisa Swantz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikuza utafiti shirikishi. Mradi wa Jipemoyo, ulioanza Bagamoyo mwaka 1975, uliwachukua wanakijiji kuwa watafiti pamoja na wasomi, si kuwa watu wa kuhojiwa tu. Kwa hiyo kanuni hii ilikuwapo kwetu kabla kompyuta hazijaenea: mwenye tatizo ana sehemu ya maarifa ya kulitatua.

4. Matumizi darasani

Mwanachuo aweza kuifundisha kanuni hiyo kwa karatasi na penseli. Tunapendekeza hatua hizi:

(a) Wanafunzi, katika vikundi, wachore kwa kukumbuka eneo linaloizunguka shule, kila kikundi peke yake.

(b) Vikundi vilinganishe michoro yao. Kikundi kimoja kitaonyesha kisima, kingine kitakisahau. Mwalimu asiwe mwepesi wa kusahihisha. Awaulize kwa nini wametofautiana.

(c) Darasa litoke nje, lipime umbali kwa hatua, na kutafuta kaskazini kwa jua.

(d) Michoro iunganishwe kuwa ramani moja yenye kipimio na ufunguo.

(e) Mzee wa kijiji aalikwe kueleza asili ya majina ya mahali.

Mwisho, mwalimu aulize: Mgeni akija usiku kumsaidia mgonjwa, je, ramani hii itamfikisha?

5. Tahadhari

Ramani yaweza kuokoa. Yaweza pia kudhuru. Majina ya watoto yasiandikwe juu ya nyumba zao. Mwanafunzi asitakiwe kueleza mbele ya wenzake yanayotendeka kwao. Akimjia mwalimu kwa siri, mwalimu amsikilize, asiitangaze habari hiyo, na amfikishe bila kukawia kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi.

Hatuna budi kukumbuka kwamba mwalimu ndiye msomi aliye karibu zaidi na mtoto wa kijijini. Chuo kikuu kitaleta picha kutoka angani. Anayejua ni mtoto gani hakurudi shuleni Januari ni mwalimu.

Maswali ya kujadili

1. Ni maarifa gani ya kijiji chako ambayo picha ya setilaiti haiwezi kuyaonyesha?

2. Taja zana moja ya kufundishia iliyoletwa shuleni bila walimu kuulizwa. Je, ilitumika?